Pimeni Bluu

1.

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE, KITUO CHA UMEME ISUMBA

Vifaa chakavu vya uwanja wa zamani vitaondolewa siku ya Alhamisi, saa tano kamili asubuhi. Kabla ya hapo kila kifaa kipimwe na fomu yake ijazwe. Mpimaji: Mhandisi Tusekile A. Mwaisumo. Msaidizi: Fundi Gwamaka. Kifaa kisicho na fomu iliyokamilika hakitapanda lori.

2.

Huyo Mwaisumo ni mimi. Herufi A ni Anyosisye, baba yangu, aliyekuwa fundi hapahapa kwa miaka ishirini na tisa. Uwanja wa zamani naujua kuliko wanaonituma, kwa sababu nimekulia ng'ambo ya uzio wake, kota namba sita.

Kilichobaki pale ni majani yanayofika kiunoni, nguzo za chuma, na transfoma tatu za mkondo, zile zinazoupunguza umeme wa njia ili upimike. Mafundi tunaziita sitii. Moja imepakwa rangi nyekundu, moja njano, moja bluu, moja kwa kila waya wa njia ya umeme. Toka mwaka 1989 hakuna aliyezigusa, na uwanja mpya ulijengwa upande wa pili kana kwamba huu una ukoma.

Nikitaka naweza kujaza hizo fomu nikiwa nimekaa ofisini na chai yangu. Nawe msomaji usijifanye hujawahi kujaza fomu hivyo.

3.

Vitu vya kota namba sita:

mlango wa kijani uliokuwa ukigoma kila masika

mngurumo wa transfoma kubwa, ambao tuliusikia siku ulipokosekana tu

pasi ya umeme ya mama

ukungu wa asubuhi, na baba akipotelea ndani yake na kofia yake ya njano

kota namba tano, ambako mlango ulikuwa haufungwi, na ambako baba mdogo Lwitiko alimlea Atupele wake na kunilea mimi bila kutofautisha

uji wa huko, mtamu kuliko wa kwetu (mama asisikie)

Atupele

4.

*Kutoka daftari la mfukoni la A. Mwaisumo, mwandiko wa wino mweusi:*

Namna ya kujua uwiano wa sitii kwa njia ya volti. Usiamini kibao cha namba kilicho ubavuni. Kibao kimegongwa na mtu, na mtu hukosea. Fungua waya zote. Tia volti 80 kwenye koili nyembamba, panda polepole. Kisha pima kinachotokea kwenye waya mkubwa. Ukipata volti moja, uwiano ni themanini. Ukipata pungufu, uwiano ni mkubwa zaidi. Gawanya.

Msomaji aseme namba kwa sauti. Mwenzake airudie kwa sauti. Isiporudiwa haijasomwa.

Ukimaliza shusha polepole mpaka sifuri. Usikate ghafla. Chuma kitabaki na usumaku.

5.

Tulicheza mchezo huo, mimi na Atupele. Mmoja anasoma, mmoja anarudia. Mawe ya jikoni: tatu. Narudia, tatu. Vifaranga: kumi na moja. Narudia, kumi na moja. Baba na baba mdogo walikuwa wakipita wanatuangalia wanacheka, wakiwa wamebeba ngazi moja, kila mmoja na upande wake.

Mungu wangu, nilikuwa na furaha.

6.

YAH: OMBI LA KUPIMWA SITII YA BLUU (MARA YA 34)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Lwitiko Mwambene, fundi wenu wa zamani. Niliachishwa kazi baada ya transfoma kubwa kuungua na mji kukaa gizani siku kumi na moja. Kamati ilisema nilifunga waya vibaya. Sikufunga vibaya. Nilisema, na leo nasema, bluu hatukuipima.

Sidai kurudishwa kazini, nina miaka sabini na sita. Sidai kitu chochote. Naomba mtu apande na mita apime. Ni kazi ya dakika ishirini.

Wenu mtiifu.

*(Muhuri: IMEPOKELEWA.)*

7.

"Ziko thelathini na nne, Injinia," alisema Gwamaka, akiliweka faili mezani kwangu. "Kila mwaka moja. Na kila moja imepigwa muhuri. Huyu mzee unamfahamu?"

"Hapana," nikasema.

8.

Hapana.

9.

*Daftari la kituo, 14 Aprili 1989:*

Nyekundu — 80.1 — saa 7:40 mchana
Njano — 79.9 — saa 8:25 mchana
Bluu — 80.0 — saa 9:05 alasiri

Kufunga: L. Mwambene. Kusoma na kuandika: A. Mwaisumo.

10.

*Kumbukumbu za kamati ya uchunguzi, ukurasa wa nne:*

MWENYEKITI: Mwambene anadai bluu haikupimwa. Mwaisumo, ilipimwa?

MWAISUMO: Imeandikwa, mheshimiwa.

MWENYEKITI: Nauliza kama ilipimwa.

MWAISUMO: Imeandikwa themanini.

MWENYEKITI: Basi sitii zilikuwa sawa. Tatizo ni aliyefunga.

11.

Baba mdogo Lwitiko na Atupele waliondoka siku ya Jumamosi kwa lori la viazi. Atupele alikaa juu ya godoro, uso kauelekeza nyuma. Nilisimama kwenye uzio nikamwita: "Atupele, moja!" nikisubiri arudie.

Mama alikuwa ndani anapiga pasi. Baba alikuwa kazini. Ndiyo, kazini. Kota namba sita ilibaki yetu kwa miaka mingine kumi na minane, na nilisomea mezani pale mpaka nikawa mhandisi.

12.

Jumapili iliyopita nilimpelekea baba ndizi na maziwa ya mgando. Alikuwa amekaa barazani na redio yake. Nikamweleza kuhusu Alhamisi.

"Andika tu themanini," akasema.

"Zote tatu?"

"Ziko sawa. Zote zilitoka kwenye sanduku moja, kibao kimoja. Ukishapima mbili, ya tatu unaijua. Utapandaje huko juu na magoti yako hayo, na mvua hizi."

"Magoti yangu ni mazima, baba."

"Tusekile." Akapunguza sauti ya redio, kitu asichokifanya hata taarifa ya habari ikiisha. "Chuma chakavu. Kiache kiende."

13.

Picha. Ninayo tangu nianze shule ya bweni, na imekuwa kwenye kila meza niliyowahi kufanyia kazi. Mpiga picha wa kutembeza alipita kota siku ile. Baba amechuchumaa, ovaroli imelowa mabegani kwa manyunyu, anacheka na meno yote. Mimi nina miaka sita. Nimekumbatia kisanduku cheusi chenye mkanda, kizito, ulimi nje.

Ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote za utotoni mwangu. Baba hakuwa mtu wa kurudi mapema. Siku ile mvua ilianza kunyesha, akaja anakimbia, tukachoma mahindi, akanisimulia hadithi mpaka giza likaingia.

Nyuma ya picha, mwandiko wa mama: *Baba Tusekile alipowahi kurudi. Saa tisa. 14/4/89.*

Kisanduku cheusi ni mita ya kituo. Kituo kilikuwa nayo moja tu.

Unaona. Saa tisa na dakika tano, wakati daftari linasema mita ilikuwa juu ya nguzo ikisoma bluu, mita ilikuwa mikononi mwangu.

14.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Ukungu. Gwamaka juu ya ngazi na mita mpya, mimi chini na mashine ya kutia volti.

"Nyekundu. Volti themanini zimeingia. Soma!"

"Moja kamili."

"Narudia, moja kamili. Uwiano themanini."

"Njano. Soma!"

"Moja kamili."

"Narudia, moja kamili. Themanini."

Gwamaka akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. Akatazama angani, akanitazama mimi.

"Mvua hiyo inakuja, Injinia. Na kibao kile kinasema vilevile, mia nne kwa tano, themanini ileile, kama wenzake. Si tuandike tu?"

Sikumkasirikia. Alisema kama anavyosema fundi yeyote mwenye njaa, kama alivyowaza kijana mmoja mwenye mtoto nyumbani, manyunyu yakianza. Si ubaya. Ni namba moja tu, unaipa desimali yake ionekane ya kweli.

"Panda," nikasema.

15.

"Bluu. Themanini zimeingia. Soma."

"Sifuri nukta... ngoja." Nikasikia anagonga kibano, anakaza upya. "Sifuri nukta sita sita saba."

Nikashusha volti polepole mpaka sifuri. Nikapandisha tena.

"Soma."

"Sita sita saba, Injinia. Haibadiliki."

Themanini gawanya kwa sifuri nukta sita sita saba. Sikuhitaji kikokotoo.

Mia moja na ishirini.

16.

Maana yake, kwa asiyejua umeme: sitii ya bluu ilikuwa ikiupunguza mkondo kupita kiasi. Hitilafu ilipotokea, relei ya ulinzi, kifaa cha kukata umeme penye hatari, ilionyeshwa theluthi mbili tu ya hatari, ikaona mambo si mabaya, ikangoja. Transfoma kubwa ikaungua ikingoja. Kibao kilidanganya tangu kiwandani. Lwitiko alifunga sawasawa. Kipimo cha dakika ishirini kingeliona kosa, na hakikufanyika, kwa sababu baba aliwahi kurudi nyumbani akachoma mahindi nami.

Nililia pale kwenye majani. Gwamaka alijifanya anakunja waya.

17.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima."

Kwenye simu nikasikia redio ikizimwa.

"Soma," akasema.

"Nyekundu, themanini."

"Narudia. Nyekundu, themanini."

"Njano, themanini."

"Narudia. Njano, themanini." Sauti ilikuwa ileile ya zamani, ya chini ya ngazi.

"Bluu," nikasema. "Mia moja na ishirini."

18.

FOMU YA KIPIMO — SITII, BLUU

Uwiano wa kibao: 80
Uwiano uliopimwa: 120
Umepimwa na: T. A. Mwaisumo
Umerudiwa na:

19.

Gwamaka amenyoosha mkono achukue kalamu, aweke jina lake hapo. Ana haki, ndiye aliyepanda. Nimemwambia asubiri kidogo.

Lori limefika getini, linapiga honi. Nyekundu na njano zimeshushwa. Bluu bado ipo juu, inachuruzika maji ya mvua.

Simu iko sikioni. Namsikia anapumua.

"Tusekile," anasema baba. "Lwitiko bado yupo hai?"

"Yupo. Anaandika kila mwaka."

"Anaandika nini?"

"Pimeni bluu."

Mvua inapiga kwenye kofia yangu ya njano.

"Umekata?" anauliza.

"Sijakata, baba. Nipo. Nasubiri urudie."

20.

"Narudia," anasema. "Bluu, mia..."