Beki wa Malkani

Kabla ya mazoezi Ngala aliwapanga wasichana mstari mmoja, wakatembea kutoka goli hadi goli wakiokota miiba ya mti wa mathenge. Mpira ulikuwa mmoja tu, na tayari ulikuwa na viraka vinne vya baiskeli. Viraka vilitoka kwenye kibanda chake cha ufundi pale Garsen. Ukocha alijifundisha mwenyewe, kwa kutazama mechi na kuandika daftarini.

Aliweka vidumu vilivyokatwa nusu, vikafanya njia nyembamba juu ya udongo mweusi uliopasuka.

"Wawili kwa mmoja. Mashavu na mwenzako, shambulieni. Gumato, zuia."

Gumato alivua ndala.

"Usimrukie," Ngala alisema. "Rudi nyuma pole pole. Mcheleweshe. Msukume pembeni, mstari ni beki mwenzako. Anayeruka mapema ameshapitwa."

Mashavu alikuja na mpira akicheka. "We Gumato, unacheza ama unachunga ng'ombe?"

"Nachunga wewe. Ng'ombe afadhali, ana akili kidogo."

Alirudi hatua, akarudi tena, macho kwenye mpira. Mashavu alijikuta amebanwa kwenye mstari, hana pa kupitisha pasi. Hapo ndipo Gumato alipotia mguu.

Watu wa timu ya kaunti walikuwa wamemwona akifanya hivyo. Walikuwa wanatafuta beki wa chini ya miaka kumi na saba. Atakayesajiliwa angepelekwa shule ya bweni hadi amalize kidato cha nne. Gumato aliacha shule mwaka ule ng'ombe wao walipokufa kwa kiangazi. Kilichotakiwa ni cheti cha kuzaliwa, mwisho Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana. Walikuwa na wiki tatu.

Ngala alimpeleka ofisi ya usajili wa vizazi pamoja na mama yake, Sabdio. Karani alishika kalamu.

"Amezaliwa wapi?"

"Malkani," alisema Sabdio.

"Mama, malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Nauliza kijiji."

"Ndiyo, njia. Mimi nazaa yeye njiani, ng'ombe nakwenda maji. Kijiji gani niseme, mwanangu?"

Karani alimtazama, kisha akaandika: *Malka*. "Haya. Leteni barua ya chifu wa huko."

Malka ile ilipita katikati ya lokesheni mbili, kila moja na chifu wake, mashamba huku na mashamba huku. Chifu wa upande wa juu aliisoma fomu akiwa amesimama mlangoni.

"Hii ni ya upande wa chini. Nendeni kwa mwenzangu."

Chifu wa upande wa chini aliwapa viti. Alimsifu Gumato kwa mpira. Kisha akairudisha fomu mezani kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, nikiandika kwamba kwangu kuna malka, kesho wafugaji watanionyesha barua yangu mwenyewe wakidai njia. Wenye mashamba nitawaambia nini?"

"Ni mtoto tu anataka cheti, mzee."

"Najua. Rudini kule juu."

Walirudi. Kule juu chifu alikuwa kwenye baraza. Siku iliyofuata alikuwa Hola, makao makuu ya kaunti. Alipopatikana, alitaka kwanza mwenzake aandike kwamba malka si ya chini.

"Kocha, si ungesema Garsen tu?" Mashavu aliuliza. "Mimi nilizaliwa shambani huko, na cheti changu kimeandikwa Garsen."

Ngala alirudi kwa karani kuuliza.

"Imeshaandikwa," karani alisema. "Kubadilisha ni kudanganya serikali. Unataka yule mama afungwe?"

Jioni ile vijana wawili wa Orma, wafugaji, binamu zake Gumato, walikuja kibandani. Walitaka kwenda na wazee wao, wakae mlangoni kwa chifu mpaka atie muhuri. Ngala aliendelea kukaza spoku za baiskeli.

"Mkifanya hivyo itakuwa habari ya ardhi. Haitakuwa ya mtoto tena. Tusiruke. Tungoje."

Wakamsikiliza.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Ngala na Gumato walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya upande wa chini. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani redio ilikuwa inaimba.

"Kocha," Gumato alisema. "Hawa wanapigiana pasi."

"Naona."

"Na mimi narudi nyuma, narudi nyuma. Sasa niko golini." Alimgeukia. "Niwaite binamu zangu? Niruke?"



"Ngoja kidogo," Ngala alisema.

Ijumaa saa sita ilipita bila barua, na alasiri simu ilitoka Hola, kwa watu wa timu ya kaunti. Sauti ilikuwa ya adabu. "Pole, kocha. Beki tumepata mwingine. Mwakani tena." Mwakani Gumato angekuwa amevuka umri.

Jumatatu waliokota miiba. Ngala alipanga vidumu, njia ile ile nyembamba.

"Wawili kwa mmoja."

Mashavu hakuwa amefika hata katikati. Gumato alimrukia kwa miguu yote miwili. Pasi ikapigwa pembeni, na yule mwingine akatembea na mpira mpaka golini.

"Tena," alisema Gumato.

Akaruka tena. Akapitwa tena. Mara ya tatu alianguka kifudifudi, na Mashavu akausimamisha mpira kwa unyayo. Hakuwa anacheka.

"Kocha, mwambie angoje."

Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Ngala. Gumato aliinuka, magoti yake yakivuja damu katikati ya vumbi jeusi, akasimama akimtazama kocha, akingoja aseme.