Hatua za Mimba

Mtu akikwambia mume na mke ni mwili mmoja, muulize kwanza ni mkono upi unaoshika kalamu. Mwalimu Secilia wa Malindi, ile ya milimani juu ya Lushoto, hakuuliza. Aliitia ramani yake kwenye bahasha, akampa mumewe, akasema, "Baba Raheli, ukishuka Lushoto uikabidhi pamoja na yako," kisha akarudi kumenya viazi.

Ramani hiyo ilikuwa ya mbio. Secilia alikuwa na wasichana sita shuleni aliowafundisha mbio za ramani: mtoto anapewa ramani na dira, anaingia msituni kutafuta vibendera vilivyofichwa, na anayevimaliza vyote kwanza ndiye mshindi. Lakini cheti cha Secilia kilikuwa cha daraja la kwanza, lililo la chini kabisa, na kocha wa daraja la kwanza mwisho wake ni mipaka ya shule yake. Kupeleka timu kwenye mashindano ya Muheza lilitakiwa daraja la pili. Na huwezi kupata daraja la pili mpaka ulete ramani ya kwenu, uliyoipima kwa miguu yako mwenyewe. Wasichana walikuwa wameshaanza kuulizana kama Muheza kuna joto na kama watapata machungwa ya kuleta nyumbani.

Basi siku ya mafunzo wakashuka Lushoto, mke na mume, wote walimu, wote wakiutaka huo huo ukocha. Ukumbini walikuwa watu kumi na wawili. Mkufunzi alikuwa Bi Hadija, mwanamke wa makamo mwenye daraja la tatu, wa maneno machache na buti zilizokula njia nyingi. Alikuwa amezitundika ramani zote ukutani.

Secilia akaitafuta yake, akaiona. Kijito kilikuwa chake, mistari ya mwinuko yake, hata doa la chai pembeni lilikuwa lake. Pale chini alipoandika jina lake kwa penseli pamefutwa, na juu yake, kwa wino mweusi: Imepimwa na kuchorwa na Mwl. Tobia. Ndiye mumewe. Jina lake alilikuta kwenye karatasi ya mahudhurio, na mbele yake wameandika "hakuleta ramani".

Kikulacho ki nguoni mwako. Tulilikariri hilo darasani tukidhani linasema habari za chawa.

"Mama Raheli, tulia," Tobia alimnong'oneza. "Cheti kikiingia ndani ni chetu sote. Mwaka huu mimi, mwakani wewe. Timu nitaipeleka mimi, watoto si watakwenda tu?"

"Ramani yako iko wapi?"

"Haikuisha."

Haikuisha, jamani. Tobia, mwalimu mkuu msaidizi, anasema haikuisha kama mtoto wa darasa la pili aliyesahau daftari. Secilia alitaka kupiga kelele, akajizuia, kwa sababu ukimmwaga mumeo mbele za watu utamzoa vipi? Kuna mchungaji aliyewafungisha ndoa, kuna mama mkwe, kuna kanisa la Jumapili. Akakaa.

Bi Hadija akapita ramani moja baada ya nyingine, akafika kwa Tobia. "Mwalimu, nilikwenda Malindi Jumamosi kuikagua kazi yako. Mashariki ya kijito kila kitu kipo mahali pake. Magharibi, mita mia za kwenye ramani nikizipima chini napata themanini na nane. Si sehemu moja, ni kote. Kwa nini?"

"Mawe ya kule yana chuma, Bi Hadija. Dira ilikuwa inayumba."

"Dira ikiyumba inakupoteza uelekeo, hairefushi njia. Umbali uliupima kwa kutumia nini?"

"Kwa hatua."

"Hatua zako ngapi kwa mita mia?"

"Sitini na tano, nikihesabu mguu wa kushoto tu."

Bi Hadija akaitazama miguu ya Tobia, akaifuata kutoka kwenye viatu hadi kiunoni. Safari ilikuwa ndefu, maana Tobia ana miguu ya korongo. Watu wawili watatu wakacheka chinichini.

Miguu hiyo ingemaliza mita mia kwa hatua chache zaidi; sitini na tano ilikuwa hesabu ya Secilia. Kumbe hakuchukua ramani peke yake, na miguu pia kaichukua. Tena kilichomuuma zaidi ni kwamba Tobia kweli hakujua kwa nini magharibi ilirefuka. Aliiba kitu asichowahi kukitazama. Secilia akasimama kabla hajaamua kusimama.

"Samahani, Bi Hadija. Ni mimba."

Akaiendea ramani ukutani, akagusa upande wa magharibi.

"Magharibi niliipima nikiwa na mimba ya miezi saba. Hatua zilikuwa zimefupika, mimi sikutambua. Nikawa nahesabu sitini na tano naandika mita mia, kumbe sijafika. Mashariki niliipima nikiwa nimeshajifungua." Akatoa kwenye mkoba daftari la vipimo, kurasa zimejikunja kwa ukungu na jasho. Tarehe zote za magharibi zilikuwa za Aprili.

Bi Hadija alilisoma bila haraka. Kisha akamgeukia Tobia. "Mtoto wenu alizaliwa mwezi gani?"

Swali jepesi. Hata jirani angelijibu. Tobia akatazama dari. "Wa nane," akasema.

"Wa sita," alisema Secilia.

Mwezi wa nane ndio Tobia aliporudi kutoka masomoni Muheza, akamkuta mtoto ana wiki saba na anajua kucheka. Kwake yeye Raheli alizaliwa siku hiyo. Secilia akaketi polepole. Ramani mtu anaweza kuichora upya. Hili jingine hakujua alifanyeje.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilirefushwa kwa mita kumi na mbili. Bi Hadija akalikata jina la Tobia kwenye orodha kwa mstari mmoja. Kwa Secilia hakuwa na huruma pia. "Daraja la pili sikupi leo. Ramani iliyorefuka inapoteza watoto. Una wiki tatu, kaipime magharibi upya."

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya makabeji. Secilia alimbeba Raheli mgongoni, akaenda kwanza barabarani kwenye mita mia zinazojulikana, akazipita mara nne. Zilitoka hatua sabini na moja. Safari hii akaandika: sabini na moja, na mtoto mgongoni.

Aliporudi nyumbani kuchukua dira, Tobia alikuwa amesimama mlangoni. Alimsabahi kwa Kishambaa, lugha yao ya jikoni: "Onga makeo." Secilia alimwitikia kwa Kiswahili, kama anavyowaitikia watu wa ofisini.

"Nije nikusaidie kuhesabu?" Tobia akauliza.

Secilia alikaza kanga ya mtoto.

"Anza na miezi ya mwanao," alisema. "Ukifika wa sita, uniite."