Vipimo vya Kahambu

Kabla sijasogeza pazia la mlango nilisikia uzi ukikatwa. Haukuwa mlio wa cherehani. Huo ningeupita bila kuuwaza, maana mtaa mzima wa Ndosho hushona kuanzia asubuhi. Huu ulikuwa mlio mdogo, mkavu, wa wembe unaofumua mshono: kra, kimya, kra, kimya. Mtu aliyezoea kukaa katika atelie ya nguo anajua kwamba mlio huo ukidumu, kuna kazi ya siku nyingi inayorudi nyuma.

Nilisogeza pazia. Mama Katungu alikuwa ameketi kando ya dirisha, gauni la kijani lenye maua ya dhahabu limemlalia mapajani, nusu gauni, nusu kitambaa. Mbele ya kioo alisimama mwanamke kijana, mnene wa afya, amejifunga kitenge kifuani na mikono ameikunja. Kwenye kona Papa Kambere, fundi wa suruali anayeshiriki chumba hicho na Mama Katungu, alikuwa ameinamia cherehani yake bila kuizungusha.

Nilikuwa nimetoka shuleni Katindo wakati wa mapumziko, chaki bado iko kwenye mikono ya shati, nikiwa na habari njema. Chama cha mafundi wa nguo kilikuwa kimekubali tuzungumze katika mkutano wa Jumapili. Atelie thelathini zingekuwepo, na Mama Katungu ndiye angesimama kueleza jinsi programu yangu ya simu ilivyomsaidia. Nilikuwa nimeshaiona siku hiyo akilini, mpaka shati nitakalovaa.

Hakuna aliyenisalimu.

"Kahambu, mwanangu," Mama Katungu alisema, "nipe hadi kesho jioni."

"Kesho utafanya nini, Mama? Kitambaa hakioti kama majani ya sombe shambani." Mwanamke hakupandisha sauti. "Jumamosi niko naolewa. Mama mukwe alikitoa Butembo, akakibeba mwenyewe magotini njia yote. Yadi sita, na hakuna zingine. Weye ulinipima hapa mwezi wa pili, kifua mia moja na kumi na mbili. Nakumbuka kwa sababu nilicheka. Sasa umekata tisini na nne. Tisini na nne ni ya nani?"

"Ni macho yangu," alisema Mama Katungu. "Yamezeeka. Unisamehe."

Nikamtazama. Macho ya Mama Katungu hupitisha uzi kwenye sindano mara ya kwanza, hata mwanga ukiwa hafifu. Lakini katika chumba kile kuna sheria ambayo haikuandikwa ukutani: mbele ya mteja, kosa lote ni la fundi. Hutaji mkasi, hutaji umeme uliokatika, hutaji mtu mwingine. Na vipimo, kwa miezi saba sasa, havikutoka machoni mwake. Vilitoka kwenye simu yake, na kwenye simu vilitunzwa na programu yangu.

Programu niliiita Kipimo. Niliijenga Jumamosi na Jumapili, na katika saa zilizobaki baada ya kusahihisha madaftari ya hesabu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kisha kwa kompyuta kuukuu ya shule, nikirudia kosa moja mara ishirini mpaka linipishe njia. Wenzangu walimu, ambao huniita Prof, walinicheka: Prof anataka kuuzia mafundi kitu kisichoshikika. Nilipita atelie baada ya atelie, na ilipofika ya kumi na moja kujiunga kwa abonema, yaani kulipia kidogo kila mwezi kwa simu, nilitembea kutoka Ndosho hadi nyumbani nikiona kama barabara imewekwa kwa ajili yangu. Nilikuwa na kiburi. Nasema hivyo sasa kwa urahisi; wakati ule nilikiita akili.

Jambo nililojivunia kuliko yote lilikuwa dogo. Fundi akiandika jina ambalo tayari lipo, Kipimo hakifungui kadi mpya. Kinamtambua mteja, kinaleta kadi yake, kinaweka vipimo vipya juu ya vya zamani. Niliwaonyesha mafundi hilo kama mtu anayeonyesha meno ya dhahabu.

"Prof," Papa Kambere aliniita kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa. "Leo uko kimya. Mashine imekumeza ulimi?"

Nilimsogelea. Akaendelea vilevile, akijifanya anatafuta kifungo kwenye kopo.

"Mwezi wa tatu alikuja Kahambu mwingine hapa. Ule bibi wa fundi wa redio. Mwembamba kama sindano."

"Kahambu mwingine?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyefika darasa la tano bila kujua kugawanya. "Weye ni mutu wa Rutshuru, sikulaumu. Kwetu mutoto hachaguliwi jina, anapanga foleni. Akizaliwa binti katika zamu fulani kwa mama yake, ni Kahambu, awe Beni, awe Butembo, awe hapa. Mimi mwenyewe, ukiniita sokoni wanageuka watu sita. Hukujua?"

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Nimefundisha darasa lenye Kambere watatu na Masika wanne, nikawatofautisha kwa viti vyao. Lakini nilipokaa kuandika programu, mkono wangu uliandika dunia ya nyumbani kwetu. Baba yangu aliniita Ntirenganya, Mungu hadhulumu, mwaka aliposhinda kesi ya shamba. Dada yangu ni Nishimwe, Mungu ashukuriwe, kwa sababu alifika wakati mama alikuwa ameacha kutumaini. Kwetu jina ni jambo lililotokea siku moja katika nyumba moja, na ukilitaja umemtaja mtu. Sikuwahi kuliwaza hilo. Nililiweka ndani ya mashine tu, kama mtu anavyoweka chumvi bila kuonja, kisha nikawauzia Wanande, watu wa kina Papa Kambere na foleni yao ya majina.

Na Mama Katungu alikuwa amenionya. Siku za mwanzo aliniomba nafasi chini ya jina, aandike kama alivyoandika kwenye daftari lake: Kahambu wa njia ya Lac Vert, yule anayecheka akipimwa. Nikamwambia mashine haina haja ya umbea. Akacheka, akaniachia. Wiki iliyofuata nilimshawishi awashie makaa kwa lile daftari.

Nilitoa kompyuta kwenye mkoba, nikaketi juu ya gunia la vipande vya nguo. Kadi ya Kahambu ilikuwa moja. Februari, kifua mia moja na kumi na mbili. Machi, tisini na nne. Wanawake wawili ndani ya nguo moja.

Sikuishia hapo, ingawa nilitamani. Niliiuliza mashine atelie zote kumi na moja: nionyeshe kila kadi ambayo vipimo vyake vimeruka kwa namna mwili wa mtu usivyoweza kuruka. Ikajibu haraka, kwa utii ule niliokuwa nikiupenda. Kadi arobaini na tatu. Namba zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyopotea. Waliopotea ni wenyewe.

Nikafunga kompyuta. Niseme ukweli wa nilichowaza. Niliwaza kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua. Kurekebisha programu ni kazi ya saa mbili. Kuanzia kesho hakuna Kahambu atakayemfunika mwingine. Hao arobaini na watatu waliofunikwa wangejitokeza mmoja mmoja, kila mmoja angeambiwa ni macho ya fundi, na Jumapili ingepita salama. Mawazo hayo hayakuja kama majaribu. Yalikuja kama mpango mzuri.

"Niliona kiuno kimekuwa kidogo," Mama Katungu alikuwa akimweleza bibi harusi, "nikasema labda amefunga kula, wengi wanafanya hivyo kabla ya ndoa. Nilipaswa kukuita. Ni kosa langu."

"Dada zangu watatu weye ndiye uliwavalisha," Kahambu alisema. "Nilimwambia mama mukwe, huyu hakosei. Nimwambie nini leo?"

Alianza kukusanya vipande, akivikunja kwa uangalifu uliozidi hasira, na kuvitia katika mfuko. Kulikuwa na fundi mmoja Katindo, alisema, pengine angeokoa kitu. Mama Katungu hakumzuia. Aliweka wembe juu ya meza na kuvifuta viganja vyake kwenye kitenge, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi ambayo hakuimaliza. Miaka thelathini hakuna bibi harusi aliyetoka mlangoni pake na kitambaa mkononi. Hakunitazama hata mara moja. Angenitazama kwa lawama, nadhani ningenyamaza; ningepata la kujitetea. Lakini alikuwa akinihifadhi, kama alivyohifadhi mkasi na umeme, na mimi si mkasi.

"Si macho yake," nilisema.

Kahambu aligeuka. "Na weye ni nani?"

"Ni mwalimu. Vipimo vinakaa katika programu niliyoitengeneza. Mama Katungu alikuandika vizuri. Programu yangu ilikuchanganya na mwanamke mwingine mwenye jina lako, ikamweka yeye mahali pako. Mama Katungu aliniomba mapema nafasi ya kuwatofautisha, nikakataa."

"Prof, nyamaza," Mama Katungu alisema.

"Acha aseme," alisema Papa Kambere. "Amelipa kiingilio."

Kahambu aliukalisha mfuko juu ya meza, naye akakaa kando yake. Alinikagua kuanzia viatu hadi chaki. "Kwa hiyo kwako mimi na huyo mwembamba tuko mutu mumoja."

"Ndiyo."

"Bwana harusi atafurahi. Anaoa wawili kwa mahari ya mumoja." Hakucheka, lakini Papa Kambere alicheka kwa niaba ya wote, na Mama Katungu akafunika mdomo. Kisha Kahambu akauliza swali nililoliogopa. "Tuko wangapi?"

Ningeweza kusema sijui.

"Arobaini na watatu waliofunikwa, pamoja nawe. Katika atelie kumi na moja."

Mama Katungu alifumba macho. Alikuwa anajua, kama mimi, maana ya namba hiyo kwa Jumapili. Papa Kambere aliuvuta mfuko kwake taratibu, akatoa vipande viwili vya ubavuni na kuvipima kwa shibiri. Akanong'ona kwamba satini ya dhahabu ikiungwa pande zote mbili ingelipanua gauni, na ingeonekana kama mtindo uliokusudiwa. Kahambu alimwacha apime. Hakusema ndiyo, lakini hakuurudisha mfuko.

"Prof," alisema, "kuna mwanamke mahali fulani katika mji huu ambaye nguo yake inakatwa sasa hivi. Hajui. Atakuja kumtukana mama wa watu, kama mimi nilivyofanya. Nani atamwambia, na lini?"

Kengele ya shule ilikuwa imeshalia, na mimi sikuwapo. Nilisimama mbele yao wote watatu, nikamjibu Kahambu kwa sauti ambayo hata wapita njia wangeisikia:

"Nakuahidi. Jumapili sitamwomba mtu yeyote ajiunge. Kabla ya siku hiyo nitapita kwa miguu katika kila atelie, niwaambie mafundi mwenyewe kwamba kosa ni langu. Na hao arobaini na watatu nitawatafuta mmoja mmoja, mpaka nimwone kila mtu kwa macho, nimwulize yeye ni nani."