Kipa wa Uthman

…na mguu wa kushoto umekufa ganzi tena, sijui ni huu mkeka au ni mimi mzima, maana tangu tumzike Uthman hata ulimi si wangu, nakula wali nausikia karatasi, basi acha na mguu ufe, bado dakika kumi na moja, mnada unafungwa saa tisa kamili, muuzaji kaandika chini ya picha, saa tisa hapo hapo na asinililie mtu, na simu ya Uthman nimeificha mapajani ndani ya mtandio, mwanga nimeupunguza, ukiniona utasema huyu mjane anavuta tasbihi, kumbe mjane anagombania kipa… kipa wa Kombe la Dunia la mwaka tisini, kadi ndogo ya karatasi ngumu, glovu za kijani, nywele kichaka, muuzaji kampiga picha mbele na nyuma kama mchumba, kona zote nne kali, na mimi nimefika elfu themanini, huyo mwingine themanini na tano, anajiita Papa Huguette, picha yake ua tu, nani huyu, ana haja gani na kipa wangu, na Maimunah, wifi yangu, dada wa marehemu, amekaa pale kwenye kochi tangu baada ya adhuhuri, kikombe mkononi, kinywa hakijafunga, anasema, "Banange, nyie hamkumwona siku ya mazishi? Kasimama ng'ambo ya barabara kama mti wa stima. Kuvuka havuki, kuondoka haondoki. Aibu ilimshika miguu," na jirani yetu Pélagie, anayeuza vitenge soko la Nakawa, anamwuliza nani, ingawa anajua nani, na Maimunah anasema, "Yule Mkongo wenu, Mumbere, fundi redio. Mwizi wa kadi," na mimi nasema astaghfirullah kwa sauti ya mjane huku kidole kinaandika tisini, elfu tisini, tuma… na papo hapo vijana wa kundi la kadi wanaandika, Mzee Uthman leo uko moto, Mzee usimwachie, kwa sababu hawajui, miezi miwili na siku tisa mtu yuko chini ya udongo na wao wanamwita Mzee, kwenye picha ya simu bado ana kofia yake ya kufuma na lile jino, na mimi sikuwaambia, mwanzo nilisahau, halafu nikaona raha, hapa nyumbani kila anayeingia anasema marehemu, marehemu, mle ndani ya simu tu ndimo anamoitwa jina, wananiuliza Mzee umepata kadi gani, nami najibu, nilisoma mpaka darasa la nne lakini kwa kadi za mpira utasema nimetoka Makerere, ujanja wa kuifungua simu niliuiba siku nyingi kwa kumchungulia begani akichora ile alama yake, alidhani nachungulia kama ana mwanamke, kweli nilikuwa nachungulia kama ana mwanamke, nikakuta wachezaji mia sita… Maimunah anataka sukari, nampa sukari… alianza nazo baada ya vita, mwaka wa themanini na sita duka lilirudi kwetu halina hata msumari, rafu tupu, akaagiza katoni ya chingamu kutoka Nairobi, kila pakiti na mchezaji wake ndani, watoto wakatafuna chingamu na yeye akabaki na wachezaji, mwaka wa tisini ndipo wazimu ukamshika kamili, albamu, mifuko ya nailoni, kibano cha nyusi zangu akanyang'anya ashikie kadi zisipate mafuta ya vidole, halafu Mumbere akaja kutoka Butembo na boksi la redio mbovu, akaegemeza meza yake ukutani kwa duka letu, siku ya tatu tu Uthman ananiambia, Salme, yule kijana ana kadi mbili za Zaire, utasema ameniambia kijana ana almasi, na toka hapo kila Jumapili Mumbere akitoka kanisani moja kwa moja kwetu, albamu juu ya meza, vichwa viwili vinagusana, "Mzee, huyu alikuwa na mguu wa shetani," "Shetani gani, huyu goti lilikuwa mbovu, kaa chini nikufunze," na mimi napeleka chai, naondoa chai, napeleka mandazi… bado dakika nane, Papa Huguette kimya, huenda ameshindwa, inshallah ameshindwa, maana mpango wangu ninao na ni mzuri, kipa akija kwa boda namdondosha nyuma ya kabati, hapo tu, kati ya kabati na ukuta, halafu nangoja, eda ikiisha nyumba itasafishwa, makabati yatavutwa, na atakayevuta ni Maimunah maana hawezi kukaa asipekue, atamwona, atapiga yowe, jamani kipa! kipa alianguka huku! na kabla ya alasiri mtaa wote wa Kisugu utajua Mumbere hakuiba, na Nakawa watajua, na hakuna atakayeuliza zaidi, kabati halishtakiwi… "Uthman alimtunza kama mwanawe," anasema Maimunah, "akamlisha, akampa umeme wa bure, na malipo yake akachomoa kadi mbele ya macho. Mkimbizi hata umlishe vipi, mkono wake haushibi," na hayo si maneno yake, ameyaokota, hayo ni ya Uthman mwenyewe, yalitoka humu humu chumbani, pale alipokaa Pélagie, na Pélagie ameweka kikombe chini, anasema polepole, "Mama Maimunah, miye pia niko mukimbizi. Si batu bote banaiba," na Maimunah, "Kale, si wewe nyabo, wewe ni wetu," na Pélagie, "Yeye pia alikuwa wenu," ndiyo, alikuwa wetu, mpaka Jumapili ile… na sikukusudia, Mungu wangu unajua, ilikuwa mchezo tu, siku hiyo nimepeleka chai mara tatu na hakuna aliyeinua jicho, si asante, si mandazi yako laini leo Salme, nikasema leo mtanijua, Uthman kaenda kuswali, Mumbere yuko bombani ananawa mikono, nikamchomoa kipa, nikamtia kifuani, nikarudi jikoni nacheka peke yangu kama kichaa, nikangoja kuona vichwa viwili vinavyozunguka kama kuku aliyepotelewa na kifaranga, dakika tano tu nitawaacha, halafu nitamtoa, nitasema mnamtafuta huyu bwana wangu mdogo? na Uthman akafunua ukurasa, pengo, akacheka kwanza, Mumbere, mtoe kipa, na Mumbere akacheka, kipa gani Mzee, halafu mmoja akaacha kucheka, halafu wa pili, na Mumbere akageuza mifuko ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, akavua viatu, akavua soksi, akasimama pekupeku kwenye sakafu yangu na suruali ya kanisani, na mimi mlangoni na sinia, na kona ya kadi inanichoma hapa, chini ya titi la kushoto, na ndipo Uthman akasema lile neno la mkono usioshiba, na neno likitoka vile, mchezo wangu ningeuweka wapi, ningesema nini, kila pumzi niliyovuta ulizidi kuwa mkubwa, Mumbere akachukua viatu mkononi akatoka bila kuvivaa, na chai yake nusu kikombe, nikaimwaga mimi, na asubuhi nikamweka kipa ndani ya sigiri chini ya makaa, nikaweka maharage juu, akajikunja, glovu zikawa za mwisho kuungua, na Uthman alikula yale maharage akasema leo yameiva vizuri… miaka tisa, meza ya redio ikahamia Wandegeya, na Uthman hakujaza lile pengo, angeweza, alinunua wengine wangapi, lakini pengo alilitunza kama jeraha la vita, hata wiki ya mwisho kitandani alilala na albamu tumboni, imefunguka pale pale, akaweka kidole kwenye ile nailoni tupu, akasema, Salme, mimi kadi nimeshaisamehe, ila kwa nini hakusema tu? nami nikamgeuzia mto, nikamwambia pumzika, na hata hapo, hata hapo… bado dakika tano, simu imetikisika mapajani kama panya, Papa Huguette laki moja, laki kamili, mshenzi, nami naandika laki na kumi, sijui nitaitoa wapi, nitauza kibano, tuma, na wale vijana, weee Mzee! Mzee leo hatari! na sasa Papa Huguette anaandika, zile nukta tatu zinacheza, zinatulia, zinacheza tena, mtu wa kuandika bei haandiki hivi muda mrefu… imekuja, navaa miwani… "Wewe mwenye kushika simu ya Mzee Uthman, pole kwa msiba, nilifika nikasimama nje. Niachie hii kadi. Mzee amekufa anajua niko na kipa wake. Mama akimaliza eda nitaleta mulangoni, nirudishe, tuishe"… nasoma tena, tuishe, yaani yaishe, naangalia jina, Papa Huguette, baba yake Huguette, basi ana binti, Mumbere ana binti na mimi sikumpelekea hata mche wa sabuni, na vijana wa kundi wanaacha kushangilia, mmoja anauliza, Mzee Uthman amekufa? amekufa lini? basi mle pia amekufa sasa… lakini, we Mumbere, mtoto mpumbavu wa watu, unarudishaje ambacho hukuchukua, ukija mlangoni na kipa mkononi Maimunah atakupokea yeye, atapiga magoti kwa furaha, si niliwaambia? si niliwaambia? mwizi ameileta mwenyewe! na utakuwa mwizi mpaka kwa wajukuu wa Huguette, kwa pesa yako, kwa kadi ya mtu mwingine, na kabati langu halitafaa kitu… naandika, Mumbere usinunue, nafuta, naandika, si wewe, nafuta, maana yeye anajua si yeye, miaka tisa anajua, kumwambia Mumbere kwamba Mumbere hakuiba ni kumuuzia maji mwenye kisima, dakika tatu, bei iko juu yangu, laki na kumi, nikikaa hivi hivi nampata kipa, namdondosha nyuma ya kabati, na yeye nimjibu nini, kadi haipatikani, samahani, bakia hivyo hivyo na viatu mkononi… na hapa, chini ya titi la kushoto, inanichoma, kona ile ile, kali, nimetia mkono ndani ya mtandio kutazama na hakuna kitu, ni ngozi tu ya kikongwe na inauma, na Pélagie ameshaanza kutafuta kandambili zake, anasema atakuja kesho, na sote tunajua kesho haji, na Maimunah anajimiminia chai ya nne, anasema, "Waende tu wakichukia, ukweli unauma," ndiyo wifi, unauma, nakutazama mdomo huo, mdomo wa sukari, nimeutumia maisha yangu yote, kumpeleka fulani kwa fulani, mimba ya yule, talaka ya huyu, nilichokutupia asubuhi nilikuta kimefika sokoni Nakawa mchana kikiwa kimenenepa, na mimi nilikuwa nataka kabati liseme na huku redio hii hapa, inakunywa chai yangu… Papa Huguette laki na ishirini, sawa, panda Mumbere, panda peke yako, mimi sipandi tena, mlete kipa wako, ila ukimleta uje kama mgeni anayeleta zawadi kwa wafiwa, nageuza simu kifudifudi juu ya mkeka, saa tisa kasoro dakika moja, mguu bado si wangu, mdomo wangu mkavu kama wali ule, Pélagie yuko mlangoni na kandambili moja mguuni, namwambia, "Pélagie mwanangu, rudi ukae kwanza," na wifi yangu ananitazama, maana miezi miwili sijaongea sauti hii, anasema, "Kuna nini, Salme?" na macho yameshaanza kumng'aa, ameshasikia harufu, "Weka kikombe chini, Maimunah, usije ukakivunja. Nina umbeya wa kukupa, na safari hii wenyewe ni wangu."