Wilaya ya Kulinganishia

Mume wake alifariki wiki tano baada ya kutolewa hospitali. Kiharusi hakikumuua. Kilichomuua ni kidonda cha mgongoni, alichopata kwa kulala kitandani mwake mwenyewe, mikononi mwa mke ambaye hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza. Mke huyo, fundi cherehani, aliiandikia hospitali barua ya kurasa nne. Mwishoni aliuliza: mgonjwa akishatoka wodini, ni wa nani?

Barua ilimfikia profesa aliyekuwa akiziunganisha hospitali, chuo kikuu na ofisi za ustawi wa jamii za wilaya tano zifanye utafiti kwa pamoja. Akamwita. Fundi akajikuta kwenye meza ndefu kati ya madaktari, mbele yake kibao kilichoandikwa "Mwakilishi wa Familia". Vikao viwili vya kwanza alinyamaza kama maji mtungini. Cha tatu, walipokuwa wakizungumzia mwendelezo wa huduma, uvumilivu ukamwisha.

"Semeni tu nani atapiga hodi, na siku gani."

Walicheka, na tangu siku hiyo wakamwita Mama Hodi. Lakini swali lake ndilo likawa utafiti wenyewe. Katika wilaya tatu, muuguzi na ofisa ustawi wangefika nyumbani kwa mgonjwa ndani ya siku tatu. Wilaya mbili zingebaki na hali ya kawaida, ili ziwe za kulinganishia. Ikapigwa kura: karatasi mbili za kwanza kutoka ndizo zingekuwa za kulinganishia. Profesa akasema mwenye swali ndiye atoe karatasi, na Mama Hodi akatumbukiza mkono kwenye bahasha. Karatasi ya pili aliyoitoa ilikuwa ya wilaya yake.

"Tukichagua kwa macho, hautakuwa utafiti tena," profesa alimwambia kwa upole.

Alielewa. Hata alimsimulia mdogo wake, aliyeishi wilaya hiyo hiyo, kwa majivuno kidogo.

Mwezi wa saba mdogo wake huyo alianguka jikoni. Kiharusi. Alilazwa siku tisa, akarudishwa nyumbani na mfuko wa vidonge. Mumewe alikuwa mwalimu, akishinda shuleni mpaka jioni, hivyo Mama Hodi aliifunga cherehani akahamia kwao. Alimgeuza kila saa mbili. Lakini miaka miwili ya vikao ilikuwa imemfundisha asilimia. Haikumfundisha doa la hatari linafananaje. Alipoiona ngozi ya kiunoni imefunguka, ndani kulikuwa kumeshaoza.

Siku ya kumi mtu alibisha hodi. Akakimbilia mlangoni. Alikuwa kijana wa kukusanya takwimu, amevaa beji ya utafiti. Alimsalimia mgonjwa kwa heshima, akaomba ruhusa, akakipima kidonda kwa rula ndogo, urefu na upana, akaandika.

"Sasa dawa?" Mama Hodi aliuliza.

"Mama, mimi napima tu. Nitawaandikia barua mumpeleke kliniki."

Barua ilisema waende baada ya wiki mbili.

Akampigia profesa. "Mtume muuguzi mmoja, mara moja tu. Yupo hapo wilaya ya jirani, nusu saa kwa gari."

"Mama Hodi, unajua siwezi. Nikimpa ndugu yako, niwaambie nini wengine? Mpeleke hospitali leo hii."

Walimpeleka kesho yake, amefungwa kwa khanga kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pikapu, shemeji akimshika shingo. Alikaa wodini miezi miwili. Hakufa. Ila hakukaa wima tena, na maneno yalipoanza kumrudia, yalitoka moja moja.

"Dada. Karatasi. Ulitoa wewe."

Mama Hodi alikunja shuka.

Matokeo yalisomwa mwaka uliofuata, kwenye ukumbi wenye maua ya plastiki. Katika wilaya zilizotembelewa vidonda vilipungua zaidi ya nusu. Watu walisimama wakapiga makofi. Kwenye kiambatisho cha ripoti, kati ya wagonjwa wa kulinganishia, alimkuta mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kidonda daraja la nne, lile baya kuliko yote, amerudishwa hospitali siku ya kumi na moja. Bila yeye na wenzake, tofauti isingeonekana vizuri hivyo.

Aliinua mkono. "Na kwetu lini?"

"Kuna awamu ya pili," profesa alisema, bila kumtazama. "Tunasubiri wilaya zikubaliane."

Nyumbani, mdogo wake alimuuliza hilo hilo kwa macho.

"Hawajasema," akajibu.

"Basi. Makaratasi yao. Usilete humu."

Hakuyapeleka tena. Lakini vikaoni anaendelea kwenda, kwa sababu akikiacha kile kiti hakuna mwingine atakayeuliza. Kila mara anauliza, na kila mara katibu anaandika swali lake mwishoni, chini ya Mengineyo.