U ya Waya, U ya Mtandao

Sisi mafundi wa faiba, ule waya unaoleta mtandao, tuna maneno mawili ya kazi. Waya ukigusa ukuta wa shule tunasema umefika. Kifaa kikishafungwa ndani na taa yake ikawa ya kijani, tunasema umewaka. Hakuna fundi anayechanganya haya mawili, ndiyo maana sikufikiria mara mbili nilipojaza ile fomu.

Fomu yenyewe ilitengenezwa na watu wa ofisi ya elimu ambao hawajawahi kushika waya. Ilikuwa na orodha ya shule kumi na moja, na mbele ya kila shule ulitakiwa kuandika neno moja tu: umefika, au haujafika. Kitu gani kimefika, haikusema. Shule ya mwisho ilikuwa ile ya juu mlimani, ambako dada yangu ni mwalimu mkuu. Tulivuta waya siku tisa, nguzo baada ya nguzo, hadi ukaingia kwenye kisanduku nje ya ofisi yake. Vifaa vya ndani vilikuwa bado. Tuliambiwa wiki mbili. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Chapchap naye anajua, alikuwa ananipigia kila baada ya saa moja akitaka orodha. Nikaandika "umefika", nikatuma, nikaenda zangu kula.

Ijumaa asubuhi dada akanipigia kutoka mjini. Alikuwa ofisi ya elimu na fomu za karatasi za watahiniwa thelathini na mmoja, kila moja na picha yake, na karani wa mitihani alikuwa amezikataa. Karatasi zinapokelewa kutoka shule zisizo na mtandao. Zenye mtandao zinajisajili zenyewe, tena kwa laini ya shule yenyewe tu, ili kuzuia watahiniwa hewa. Na kwenye kompyuta ya karani, kwa lile neno langu, shule ya dada ilikuwa na mtandao. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi jioni hiyo hiyo. Asiyesajiliwa anakaa nyumbani mwaka mzima, na dada aliwajua kwa sura wale ambao wakikaa mwaka hawarudi tena.

Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, bahasha ameipakata. Amefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili. Hakupandisha sauti. Aliomba aione fomu niliyoijaza, nikampa simu, akaisoma kama anavyosoma insha ya mwanafunzi mvivu.

"Hii u ni ya nini?" akaniuliza. "Ya waya au ya mtandao?"

"Ya waya, Dada."

"Na mtandao nao ni u."

"Ndiyo."

"Umenimaliza kwa herufi moja, mdogo wangu."

Nikaanza kujitetea. Nilisema kila fundi anajua maana yake, ofisi ndiyo ijifunze. Nilikuwa na hasira na kila mtu isipokuwa yule aliyestahili, na dada aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

Tukaingia kwa karani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe. Alisema anaweza kubadilisha sasa hivi, maadamu mwandishi wa taarifa yuko mbele yake. Ila kompyuta yake ilikuwa na maneno yale yale mawili. Akiweka haujafika, shule inatoka kwenye awamu hii ya kuunganishiwa mtandao na kwenda awamu inayofuata. Nilimuuliza inayofuata ni lini. Akasema baada ya miaka mitatu, bajeti ikiruhusu. Nikamsihi aongeze neno la tatu, lolote lile. Akanigeuzia skrini nione mwenyewe kwamba hapakuwa na pa kuliandika.

Nikatoka nje kumpigia Chapchap. Alinikataza kugusa chochote: vifaa viko njiani, watoto wasubiri. Alisema watoto wasubiri kama anayezungumzia mizigo ya saruji. Nikamkatia simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Niliporudi ndani, dada alikuwa ameshaelewa kwamba lazima achague, mtihani au mtandao. Miaka sita alikuwa akiandika barua kwa ajili ya waya ule. Mashimo ya nguzo yalichimbwa na wazazi wenyewe, kwa sababu yeye aliwaahidi kwamba watoto wao watasoma na walimu wa dunia nzima bila kushuka mlima. Nilitamani anitukane mbele za watu. Ningepumua kidogo.

"Weka haujafika," alimwambia karani.

Karani akamuuliza kama ana uhakika. Dada akafungua bahasha, akamsogezea fomu zote. Zikapigwa muhuri moja moja, na muda wote ule hakunitazama.

Jumatatu Chapchap alinituma mimi mwenyewe kwenda kuuteremsha waya. Shule imetoka kwenye awamu, alisema, na waya unahitajika kwingine. Nilipoegemeza ngazi ukutani, watoto wakajaa madirishani. Wazazi wawili walisimama karibu na nguzo waliyoichimbia shimo, hawakuniamkia. Dada akatoka ofisini, mikono ina chaki, akanishikia ngazi.

Nilimwomba msamaha nikiwa huko juu, kwa sababu chini nisingeweza.

"Ukunje vizuri, usikatike," akasema. "Huko unakoupeleka kuna watoto pia."