Ukurasa wa Mazishi

Kampuni ya Doreen Halvorsen ilikuwa na watu wawili, yeye na shemeji yake Wendell, na ofisi yao ilikuwa gereji huko Wisconsin. Walichapa vitabu vya michezo ya kusimuliana: msimulizi mmoja, wachezaji watano, kila mchezaji na shujaa wake kwenye karatasi, na kete za kuamua nani atapona. Ubaya ni kwamba msimulizi akishanunua kitabu, meza nzima inacheza miaka kumi bure.

Ndipo Doreen akaanza kuwauzia wachezaji kurasa za kujaza, dola moja moja. Wa karibuni ulikuwa wa mazishi ya shujaa: jina lake, kilichomuua, na alichoacha.

"Shemeji, sasa umeishiwa," Wendell akamwambia. "Nani atamlipia maiti wa karatasi?"

"Wewe chapa tu."

Jumamosi walikaa kucheza, Doreen akisimulia. Shujaa wa Wendell, mhunzi mwenye ndevu aitwaye Borrick, alikuwa na miaka kumi na moja mezani, na karatasi yake ilishafutwafutwa hadi ikatoboka. Wenzake walimkataza kuvuka daraja, akavuka. Akarusha kete, ikatoka moja, namba mbaya kuliko zote, Borrick akafa.

Wenzake walicheka, kisha wakasubiri aichane karatasi, maana ndiyo desturi.

Wendell hakuichana. Alisukuma dola mbele ya Doreen bila kumtazama.

"Nipe ule ukurasa. Na kalamu."

"Kalamu senti hamsini," Doreen akasema.

Akalipa.